Kadi ya grafiki kwa hewa ya Lamu: uliza beringi kabla ya kuuliza bei

Kadi yangu iliyopita ya grafiki, kile kifaa cha kompyuta kinachochora picha na kupoozwa kwa feni, ilianza kulia miezi minane baada ya kuinunua. Si kuvuma, ni kulia, kama kapi la jahazi lisilotiwa mafuta, na kila kompyuta ilipokuwa inaitengeneza video ya harusi niliyoihariri, usiku, sauti ilipita dirishani ikaingia kwa jirani. Hapa mtaani Langoni kichochoro kinatosha mtu na punda wake, basi. Bibi wa nyumba ya pili alinisimamisha asubuhi: "Mwanangu, hicho kinacholia usiku kucha kina nini?" Niliona haya kwelikweli.

Nikaifungua. Mapezi ya alumini yanayotawanya joto yalikuwa masafi, na ile pasta inayopitisha joto kutoka kwenye chipu bado laini. Nikashika feni kwa vidole viwili nikaitikisa: ikacheza kwenye mhimili wake, na nilipobandua stika ya katikati nikakuta duara la kutu, rangi ya chai ya mkandaa. Ilikuwa feni ya bushi, yaani mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya tundu lenye mafuta kidogo. Joto likishayakausha mafuta yale na hewa ya chumvi ikapata njia, chuma kinasagana na chuma. Feni ikilegea, kadi inapanda joto; kadi ikipanda joto, feni inaamriwa kwenda mbio zaidi; kelele inazidi, na bushi inakwisha upesi.

Hili wauzaji hawalitaji, na wanaopima kadi huko Ulaya na Marekani hawalioni, kwa sababu wanazipima zikiwa mpya, katika chumba cha nyuzi 20 na kitu. Kaskazi ikishika, chumba changu kina nyuzi 31 saa nne za usiku. Kadi iliyosoma 70 kwao, kwangu itakimbilia 80, na kadi nyingi zenye chipu za kampuni ya NVIDIA (zile za RTX) zinaanza kujipunguza kasi karibu na 83.

Kwa hiyo mambo ya kasi ya michezo na ukubwa wa memori mtayasoma kwingine. Mimi natazama mawili: kadi inakula wati ngapi, maana karibu umeme wote huo unageuka joto ambalo feni ndiyo itakayolitoa, na feni yenyewe inazungukia nini.

Ya kwanza, na mapenzi yangu siyafichi, ni ASUS Dual RTX 4060. Inakula wati 115 tu, na feni zake mbili zimekaa juu ya beringi za gololi, yaani vigololi vya chuma vinavyobeba mhimili, beringi mbili kwa kila feni. Zikiwa mpya zina mvumo kidogo kupita bushi mpya, lakini mvumo huo ndio huohuo hadi leo, na yangu imeshaona kaskazi nzima. RTX 5060 ya mwaka 2025 ina kasi zaidi, ila inakula wati 145, na mimi sina kiyoyozi. Kwa programu ya MSI Afterburner, ambayo ni ya bure na inakubali kadi za kampuni yoyote, nimeshusha kikomo cha umeme hadi asilimia 80. Video ya saa mbili inachelewa dakika chache, na feni sizisikii nikiwa sebuleni. Jambo jingine: kadi hizi husimamisha feni kabisa zikiwa zimepoa. Kwa joto letu hazipoi vya kutosha, basi feni zinawaka, zinazima, zinawaka tena mchana kutwa. Nimeziweka zizunguke asilimia 30 daima.

Ya pili ni Sapphire Pulse RX 6600, wati 132. Sapphire wamejikita kwenye kadi zenye chipu za AMD, mshindani wa NVIDIA, na kazi yao wanaijua. Ukiona joto la sehemu moto zaidi ya chipu limefika 90 usishtuke, kikomo chake ni 110.

Ya tatu ni RTX 3060 ya memori ya GB 12, wati 170, inayopatikana sana ya mtumba. Hapa tahadhari. Nyingi zilichimba Ethereum, sarafu ya kidijitali, mpaka uchimbaji huo ulipokoma Septemba 2022, feni zikizunguka usiku na mchana. Ukiinunua, jumlisha pia bei ya feni mpya.

Wenye pesa kidogo wataonyeshwa RX 580. Ni ya 2017, inakula wati 185, na zile zilizoandikwa 2048SP zina chipu iliyopunguzwa. Siitaki nyumbani kwangu.

Lakini linaloniuma ni maduka. Ile iliyolia niliuziwa kama mpya. Nilipolalamika nikaambiwa waranti haigusi kutu, na kama nataka ikaguliwe niipeleke Nairobi mwenyewe: mashua hadi Mokowe, halafu basi, nauli juu yangu. Wanatuuzia sisi wa pwani kila siku, wanajua tunakoishi, na bado wanaiita kutu kosa la mteja! Niliponunua hii ya sasa niliomba video ya sekunde 30, feni zikizunguka kwa kasi yote, simu ikiwa karibu nisikie. Maduka matatu yalinitumia picha ya boksi. La nne lilituma video, na ndilo nililolipa.