Kisigino kinauma na daktari hakugusa hata mguu: uzoefu wangu na kliniki moja ya miguu

Jamani naandika hii nikiwa na hasira, nimesubiri zipoe zimekataa kupoa. Kuna kliniki moja ya mifupa na miguu, jina silitaji, nilienda miezi kadhaa nyuma kwa ajili ya kisigino cha kulia na mpaka leo nikikumbuka yule daktari alivyonihudumia roho inaniuma. HAKUGUSA MGUU WANGU. Hata mara moja. Sikuambiwa nivue kiatu. Yani mgonjwa wa kisigino anaingia na viatu anatoka na viatu.

Wenye hiki kitu mnajua naongelea nini. Unaamka asubuhi, unashusha mguu, hatua ya kwanza tu ni kama umekanyaga msumari, unashika ukuta, unatembea kwa ubavu wa mguu mpaka chooni, ukishapiga hatua kumi ishirini hivi inalegea unasema afadhali. Ukikaa kidogo ukanyanyuka, msumari uleule. Mimi kazi yangu ni saluni, nasimama kutwa nzima, jioni kisigino kinawaka moto mpaka nalalia miguu juu ya mto. Nilivumilia muda mrefu nikidhani ni uchovu, nikachua, nikafunga na bandeji, wapi.

Sasa siku hiyo nimeingia kwa daktari, yeye macho kwenye kompyuta. "Shida nini?" Nikaanza kueleza habari ya asubuhi, sijafika hata nusu akanikata, kapige eksirei. Nikaenda nikapiga, nikarudi na picha, akaiangalia sekunde mbili tatu, akanionyesha kwa kalamu kamfupa kamechongoka chini ya kisigino, "unauona huu mwiba? Ndio unaokuchoma. Tutapiga sindano, ikishindikana tunaukata. Na mama, punguza mwili." Nikamuuliza daktari, sasa huu mwiba umetokana na nini? "Umri." Halafu akaita mwingine aingie, mimi bado nimekaa kwenye kiti, yule mwenzangu anaingia mimi nahangaika kunyanyuka na kile kisigino, aibu niliyoisikia siwezi kueleza.

Nikatoka pale najua nina mwiba ndani ya mguu. Wiki nzima nakanyaga kwa woga, nawaza kisu.

Sindano nilipigwa siku nyingine na mtu mwingine, na sitasema uongo, ilifanya kazi. Siku chache tu maumivu yakapungua sana, nikaanza kumsema vizuri yule daktari, nikawaambia watu ana maneno makali ila anajua kazi yake. Nilikuwa karibu kuandika sifa kabisa. Wiki kadhaa mbele, asubuhi moja nimeshusha mguu, msumari umerudi palepale. Nikapiga simu mapokezi, yule dada akaniambia njoo tu upigwe nyingine, bila kumuuliza mtu yeyote. Baadaye ndio nikaja kujua hizo sindano za steroidi, yani dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, zinatuliza kwa muda tu, na zikirudiwarudiwa zinaweza kudhoofisha utando mgumu ulio chini ya unyayo hata ukakatika, na kukondesha yale mafuta ya chini ya kisigino yanayobeba uzito wako. Kwanini sikuambiwa hayo kabla? Kwanini nisikie baada?

Nilivyorudi daktari hakuwepo, wakanipeleka chumba cha mwisho kwa kijana wa fiziotherapia, wale wanaotibu kwa mazoezi. Hapa naomba niende polepole.

"Shikamoo mama. Vua viatu vyote viwili tuione miguu." Akavuta kigoda, akakaa chini yangu, akauweka mguu wangu kwenye goti lake. Akashika kisigino akakibana pande zote mbili, akauliza hapa inauma? Haiumi, akasema vizuri, anaangalia kama mfupa umepata ufa. Akauliza kama usiku napata ganzi, nikasema hapana. Halafu akaweka dole gumba chini ya kisigino, mbele kidogo upande wa ndani, akabonyeza. Nilipiga kelele mpaka watu wa nje wakasikia. Akasema hapo ndipo penyewe mama, pole.

Halafu akavuta kidole gumba cha mguu kwa nyuma, akachukua kidole changu mwenyewe akaniwekea kwenye unyayo, "sikia hiyo kamba." Na kweli niliisikia, imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Akasema huo ni utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino mpaka kwenye vidole, ndio unaoshikilia tao la mguu, kila ukinyanyua kisigino kutembea vidole vinaukaza. Ukisimama sana, viatu vikiwa bapa vimekwisha, misuli ya shavu la mguu ikiwa imekaza, uzito ukiongezeka, unalemewa pale unaposhikana na mfupa. Usiku unyayo umelala umelegea, asubuhi unauvuta ghafla, ndio ule msumari. Ugonjwa wenyewe unaitwa plantafasaitisi. Na mwiba je? Akasema kuna watu kibao wana huo mwiba kwenye picha na hawaumwi chochote, na wengine wanaumwa na picha haina mwiba. Nilikaa kimya, nikawaza zile siku zote nilizotembea nikiogopa mwiba.

Uzito alinitajia na yeye, sikatai unachangia, ila alinitajia nikiwa nimeshahudumiwa na akaniambia nianze na nini. Tofauti mnaiona wenyewe.

Mazoezi aliyonipa. Kabla sijashusha mguu kitandani, naweka mguu juu ya goti la pili, navuta vidole kuja kwangu mpaka ile kamba ikaze, nahesabu 10, naachia, mara 10, na kwa siku mara 3. Kusukuma ukuta mguu mmoja nyuma, kisigino chini, kuvuta shavu la mguu. Halafu lile gumu, unakunja taulo unaweka chini ya vidole, unasimama kwa mguu mmoja, unanyanyua kisigino taratibu kwa kuhesabu 3, unakaa juu 2, unashuka 3, siku moja unafanya siku moja unapumzika. Jioni naviringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya unyayo. Na nisitembee peku kwenye sakafu ngumu hata ndani ya nyumba, nivae kitu chenye kisigino laini. Akaniambia wazi mama hii itachukua miezi, usikate tamaa, wengi wanapona ndani ya mwaka bila kukatwa.

Wiki za mwanzo hamna kitu, niliona ananipotezea muda, nikataka kuacha. Sijui ni lini hasa ilibadilika. Siku moja nimeamka simu inalia sebuleni, nimeipokea, nimeongea, nimemaliza, ndio nakumbuka kwamba nimetembea mpaka pale bila kushika ukuta. Nililia jamani.

Na hapo ndipo hasira zilipozidi badala ya kuisha. Kwasababu yule kijana yuko jengo hilohilo! Milango mitatu kutoka kwa daktari! Siku ile ya kwanza nilipita mbele ya chumba chake nikichechemea kwenda eksirei, nikapita tena nikirudi, na hakuna aliyeniambia ingia hapa kwanza. Nimepigwa sindano, nimetishiwa kisu, na dawa yangu ilikuwa taulo na ukuta.

Kwahiyo nyota sijui niweke ngapi. Nilianza na moja. Kwa yule kijana ni tano na zingekuwepo zaidi ningeweka. Nikitaka kuweka tatu katikati nakumbuka ile kalamu kwenye picha na lile neno "umri", nashindwa. Naacha moja, ila msiache kwenda.

Ukienda, mapokezi waambie unataka fizio kwanza. Wakikwambia lazima uanzie kwa daktari, sawa, ingia, vua kiatu mwenyewe na umuonyeshe kwa kidole panapouma kabla hajataja eksirei.