Seti za kalamu za slimline kwenye mbao za paleti: uzoefu wangu baada ya kalamu 30

Nimekereza seti 30 za slimline, yaani pakiti za vipuri vya kalamu nyembamba unayoivisha mbao uliyoikereza mwenyewe, zile za mrija wa milimita 7, zote kwa mbao za paleti na kreti. Seti ni nzuri na nitaendelea kuinunua, lakini imekusudiwa mbao ngumu. Ukifuata karatasi yake ya maelekezo neno kwa neno huku mkononi una paini ya paleti, tegemea nyufa.

Hesabu yenyewe ndiyo inayoeleza. Mrija wa shaba una kipenyo cha karibu milimita 7, na bushi, zile pete za chuma zinazokaa kwenye ncha za mbao kama kipimo wakati wa kukereza, zinakutaka ushushe ncha za mbao hadi takribani milimita 8.3. Ukuta wa mbao unaobaki kila upande haufiki milimita 0.7. Mpingo ukiwa mwembamba hivyo bado ni imara kama mfupa. Paini unaibonyeza kwa ukucha na alama inabaki. Karibu kila hatua ninayoieleza hapa chini ni ya kuulinda ukuta huo.

Ndani ya pakiti kuna mirija miwili ya shaba, kila mmoja takribani milimita 53, pamoja na ncha, kizungushio (kinachotoa na kurudisha rifili), pete ya kati, klipu, kofia na rifili ya wino ya aina ya Cross. Bushi, mandreli (fimbo inayoshika vipande kwenye mashine ya kukereza) na biti ya milimita 7 hununuliwa kando. Kwa anayetumia paleti, raha ya slimline ni ufupi wa mirija hiyo: vipande viwili vya milimita 57 vinapatikana hata kwenye ubao uliojaa matundu ya misumari, na ubao wa milimita 16 unatosha kwa unene. Seti za kalamu nene zitakukatalia mbao nyingi za paleti.

Kabla ya kung'oa ubao, soma muhuri wa IPPC, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea, ule wenye shuke la ngano. Una herufi mbili za nchi, kama TZ au KE, namba ya mtengenezaji, kisha aina ya matibabu. HT maana yake mbao imepashwa joto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. MB ni methyl bromide, gesi yenye sumu ya kuua wadudu, na hiyo naiacha hapo hapo, kwa sababu vumbi la kukereza ni laini mno na uso wako uko karibu nalo. Paleti isiyo na muhuri naiacha pia. Tena muhuri unahusu wadudu tu. Hausemi ni mzigo gani ulimwagikia mbao, hivyo ubao wenye doa la mafuta au harufu ya dawa hauingii kwenye mashine hata kama una HT. Barakoa ni lazima kwa mbao yoyote.

Usugue ubao kwa brashi ya waya kwanza, maana mchanga uliojificha kwenye nyufa hula makali ya patasi kwa dakika chache. Kisha pitisha sumaku pande zote mbili. Misumari ya paleti ina mikunjo, kichwa hukatika na shina likabaki ndani bila kuonekana.

Nyingi utakazopata ni paini. Mkaratusi nao hutokea, ni mzito na hukerezeka safi, ila hupasuka ukiukimbiza wakati haujakauka. Bahati kubwa ni kreti ya mashine kutoka Ulaya iliyotengenezwa kwa mwaloni. Mwaloni una tanini, kemikali ya asili ya mbao, na chuma cha msumari kikikutana na tanini pamoja na unyevu, mbao hugeuka rangi: kuzunguka tundu kunakuwa na weusi wa wino, unaofifia kuwa kibuluu, kisha kijivu kinachofuata nyuzi za mbao kama moshi. Kata kipande ili doa hilo liangukie mrija wa juu, chini kidogo ya klipu. Hakuna rangi ya dukani inayofanana nalo.

Acha vipande vikae ndani, vimepangwa kwa nafasi, mpaka uzito wake uache kupungua. Mbao mbichi husinyaa juu ya shaba isiyosinyaa, na ufa utaukuta kalamu ikiwa imeshakamilika.

Chora mshale kwenye kipande kabla ya kukikata mara mbili, ili nyuzi zifuatane kalamu ikiunganishwa. Kwenye paini, biti hupenda kukimbilia sehemu laini ya pete za mti, na tundu likatokea pembeni. Tumia biti yenye kinundu katikati, mwendo usiozidi mizunguko 1,000 kwa dakika, na uichomoe kila sentimita moja kutoa unga. Upande wa kutokea ndio unaochanika, kwa hiyo chagua kipande kirefu kidogo na ukikate baada ya kutoboa.

Kwa gundi, epoksi ya dakika 5. Supaglu huganda mrija ukiwa katikati ya safari, hasa pwani ambako hewa ina unyevu, na hapo kipande kimekwisha. Parua mrija kwa msasa namba 150, ziba midomo yake kwa kuigandamiza kwenye kipande cha kiazi kibichi, kisha uingize ukiuzungusha. Ukisahau kiazi, epoksi iliyoganda ndani itapasua mbao wakati wa kuunganisha.

Kwenye mandreli, nati kazia kwa vidole tu. Ukiikaza zaidi, fimbo inapinda na kalamu inatoka na umbo la yai. Anza na patasi ya mdomo wa mviringo iliyonolewa upya. Ukibakiza milimita 1 juu ya bushi, simama. Lowesha mbao yote kwa supaglu nyepesi, subiri ikauke kabisa, ndipo umalizie. Hatua hii haimo kwenye maelekezo, nami naiona ni muhimu kuliko zote: gundi inaingia ndani ya nyuzi, paini inaacha kunyofoka, na ukuta ule mwembamba unapata nguvu. Pia usinyooshe kalamu kuanzia bushi hadi bushi. Acha tumbo dogo katikati. Ni ncha pekee zinazolazimika kulingana na chuma.

Msasa namba 150, 220, 320, 400, kisha 600. Bushi za chuma hutoa unga mweusi unaochafua paini nyeupe, na doa hilo halitoki. Ikifika zamu ya msasa, nazitoa na kuweka koni za plastiki, ambazo hata supaglu haizishiki. Kumalizia napaka tabaka 8 nyembamba za supaglu kwa tishu ya jikoni. Usitumie pamba: ikikutana na supaglu hupata joto kali na kutoa moshi. Fungua madirisha na vaa miwani.

Kuunganisha natumia jiliwa yenye vibao kwenye meno. Safisha ndani ya mirija kwa tupa ya duara, kisha ingiza ncha, halafu kizungushio kwa upande wa shaba. Simama milimita 2 kabla ya alama yake, weka rifili, jaribu, kisha sogeza kidogo kidogo. Kikizama mno, rifili haitarudi ndani.

Upungufu wa seti yenyewe: rangi ya dhahabu ni nyembamba na hupauka pale kidole kinapokaa, wakati kromu bado inang'aa. Vizungushio viwili kati ya 30 vilikuwa vimelegea kutoka kwenye pakiti, kwa hiyo vizungushe vyote kwa mkono kabla ya kuvigandamiza. Nyota 4 kati ya 5, na nikiagiza tena nitachukua kromu pekee, pamoja na mirija ya ziada.