Uzoefu wangu: kifuatanyota kidogo, darubini ya milimita 61 na kamera ya kawaida

Nianze na hukumu: kama pesa ni ya kubana, punguza kwenye darubini, usipunguze kwenye kifuatanyota.

Seti ninayoizungumzia ni ya kupigia picha nyota na nebula usiku: darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 61 na umbali wa fokasi wa milimita 360, kamera ya sensa ya APS-C (saizi ya kati, ndogo kuliko fremu kamili), na kifuatanyota kilichoandikwa kinabeba kilo 5. Kifuatanyota ni kile kichwa chenye mota kinachokaa juu ya tripodi na kugeuka kwa kasi ya mzunguko wa dunia. Bila hicho hesabu zinagoma. Nyota huhama sekunde 15 za tao (sekunde ya tao ni pembe ndogo, 1/3600 ya digrii) kila sekunde moja. Kwa fokasi hiyo na pikseli za mikroni 3.7, ni kama pikseli 7 kwa sekunde. Ukiacha shata wazi sekunde moja tu, nyota imeshakuwa kistari.

Zile kilo 5 za kwenye boksi zihesabu kama 3. Darubini na pete zake pamoja na kamera havifiki hapo, na kichwa kinatulia. Kwa sekunde 60 kila picha, karibu zote zinatoka nzima. Kwa sekunde 120 natupa kama theluthi, kwa sababu gia za ndani hazizunguki sawasawa: nyota zinarefuka mashariki–magharibi, zinatulia, kisha zinarefuka tena gia inapomaliza mzunguko wake. Zikirefuka kwa kiasi kilekile picha baada ya picha, gia haina kosa; mhimili ndio haujalenga ncha ya anga, yaani ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Na picha moja ikiharibika katikati ya nzima kumi, huo ni upepo au mtu kagusa tripodi.

Kulenga ncha ndiko kunakowakatisha watu tamaa. Kaskazini mwa dunia ni kazi ya dakika tano: Polaris, yaani Nyota ya Kaskazini, inawekwa kwenye duara la kijidarubini cha ncha, mahali programu ya simu inapoonyesha, maana yenyewe iko mbali na ncha halisi kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Kusini kuna Sigma Octantis, nyota iliyo karibu na ncha ya huko, ambayo ni hafifu kiasi kwamba anga lenye taa za mji linaimeza. Karibu na ikweta ni shida zaidi, ncha zote mbili zimelala kwenye upeo wa macho nyuma ya miti na kuta. Huko, unganisha kamera na kompyuta na utumie programu ya bure ya NINA pamoja na nyongeza yake ya Three Point Polar Alignment. Inapiga picha sehemu tatu za anga, inasoma nyota, kisha inakuambia ugeuze skrubu ipi na kwa kiasi gani, bila kuiona ncha yenyewe. Kuna kero nyingine huko huko: chuma cha uzito wa kusawazishia kinagonga miguu ya tripodi. Kipande cha nguzo kati ya tripodi na kichwa kinamaliza tatizo.

Fokasi nayo usiikisie. Lenga nyota angavu kama Sirius au Canopus, vika darubini barakoa ya Bahtinov (kifuniko chenye mipasuo kinachochora mistari kwenye nyota), kuza picha ya skrini mara 10. Utaona mistari mitatu. Zungusha fokasa (kirekebisha fokasi) mpaka ule wa kati ukae katikati kabisa ya ile miwili inayokatana. Kisha kaza skrubu ya kufungia fokasa, na usiondoe barakoa bado! Skrubu hiyo inasukuma mrija kidogo mno, na mstari wa kati unahama. Kwenye darubini hii unahamia upande uleule kila mara, kwa hiyo nauacha umepita unywele mmoja upande wa pili kabla ya kukaza. Rudia ukaguzi hali ya hewa ikipoa, hata kila saa.

Darubini yenyewe haina makuu. Ikiwa peke yake, nyota za pembeni zinapinda, hivyo lenzi ya kunyoosha uwanja ni ya lazima, nayo kwa kawaida hutaka umbali wa milimita 55 kutoka kwake hadi kwenye sensa. Kamera za Canon EF zina milimita 44 kutoka mdomoni hadi kwenye sensa, ringi ya T (inayounganisha kamera na darubini) inaongeza 11, unafika bila hesabu nyingine. Kamera zisizo na kioo zinahitaji ringi ndefu zaidi. Anayefikiria darubini ya kioo ya bei ndogo aulize kwanza kama kamera inafika kwenye fokasi, nyingi hazifiki.

Mipangilio ni mepesi: faili za RAW (zisizochakatwa na kamera), ISO (wepesi wa kunasa mwanga) 800 hadi 1600, kipunguza mtikisiko kimezimwa, kilele cha histogramu (grafu ya mwanga wa picha) robo hadi theluthi kutoka kushoto. Piga 100 au zaidi, kwani kelele, yaani chengachenga za picha, hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: picha 100 zinaipunguza mara 10 tu. Ongeza 30 za giza, kifuniko kikiwa juu, kwa muda na ISO ileile, kabla kamera haijapoa. Nyingine 30 ni za kusawazisha mwanga: fulana nyeupe mdomoni mwa darubini, lenga anga la alfajiri, usiguse fokasi wala kugeuza kamera. Ukiziruka hizi, kila vumbi la kwenye sensa litageuka duara jeusi utakapokoleza picha. Siril, programu ya bure ya kompyuta, inaziunganisha zote.

Kwa kuanza, piga Kilimia au M42, yaani Nebula ya Orion. Ya pili inataka seti mbili, ya sekunde 60 na ya sekunde 10, la sivyo kiini chake kinaungua cheupe. Nebula nyekundu nyingine zitakukatisha tamaa, maana kichujio cha ndani ya kamera ya kawaida hukata sehemu kubwa ya mwanga wa hidrojeni wa nanomita 656. Na nunua mkanda wa kupasha joto wa USB mapema. Umande hauji kwa kishindo. Nyota zinafifia taratibu, na utagundua siku ya pili kwamba picha 40 za mwisho ni ukungu mtupu.