Hita ya gari ilikuwa inapuliza baridi, uzoefu wangu na fundi wa Ilala

Najua mtu wa Dar akisikia nalalamikia hita ataniuliza kama niko sawa, maana huku tunalilia AC mwaka mzima. Ila mwezi wa saba nilipanda na familia ukweni Njombe na hii Rav4 old model, tulivyofika Mafinga usiku nikazungusha kitufe mpaka mwisho wa nyekundu, feni inapuliza vizuri tu lakini upepo unaotoka barafu, kioo cha mbele ukungu mtupu nafuta na leso huku naendesha, mama watoto kamfunika mtoto na khanga yake ananiambia baba Asha, hebu zima hilo friji lako.

Kurudi mjini nikapita gereji moja (jina naliacha). Jamaa hata boneti hakufungua, akasema hapo tunashusha dashibodi tunabadilisha rejeta ndogo ya hita, laki tatu na nusu. Nikaaga.

Shemeji ndo akanielekeza kwa huyu wa Ilala, anafanyia kazi chini ya mkungu. Cha kwanza kaniuliza, bosi, geji ya temperecha huwa inafika kati? Kumbe tangu ninunue gari sindano haijawahi kufika kati, na mimi nilikuwa najisifu kwa watu gari yangu haichemki! Injini ilikuwa imeshapoa, akafungua mfuniko wa rejeta, maji rangi ya chai kavu. Akafungua panapokaa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende rejeta kubwa mpaka injini ipate moto, patupu. Kuna fundi aliitoa zamani, ule mchezo wetu wa huku kwamba Dar joto haina kazi. Sasa hita haina moto wake, inaazima joto la maji ya injini, na bila themostati maji yanapita rejeta kubwa muda wote, ukikutana na baridi ya barabarani injini haishiki moto, na mafuta inakula zaidi kwa sababu kompyuta inaona kama gari ndo kwanza limewashwa. Nikakumbuka hela zangu za sheli.

Akafunga mpya, inayofunguka kwenye nyuzi 82, akajaza kulanti (yale maji maalumu ya rejeta) badala ya maji ya bomba, akaacha mfuniko wazi na injini inaunguruma na hita imefunguliwa yote mpaka mapovu yakaisha, anasema hewa ikibaki humo hita haipati maji. Bado upepo vuguvugu tu. Hapo ndo akanionyesha mipira miwili inayoingia ukutani nyuma ya injini kwenda kwenye ile rejeta ndogo ya hita, akaniambia shika huu, haya shika na huu. Mmoja unaunguza, wa pili ungeweza kuushika ukapiga stori. Maji yanaingia hayatoki vizuri, akasema, humo ndani kuna tope. Akazima, akasubiri ipoe, akaichomoa ile mipira, akaunga mpira wa bomba kwenye ule wa kutokea ili maji yasukume kinyumenyume, taratibu asiipasue rejeta ndogo, likatoka tope la kutu robo ndoo. Anasema gari nyingine anakuta mipira yenyewe imeunganishwa juu kwa juu, hita imerukwa kabisa.

Tukaenda kujaribu Barabara ya Uhuru mpaka mataa ya Buguruni, saa tisa mchana, vioo juu, hita mwisho, mtu mzima na fundi wake tunatiririka jasho huku bodaboda pembeni anatuangalia kama vichaa. Ilikuwa inachoma haswa, na sindano iko katikati imetulia.

Gharama yote laki na thelathini, themostati 30,000, kulanti 50,000, ufundi 50,000. Risiti hana. Na aliniambia nije saa mbili asubuhi, yeye akatokea saa tano anatafuna muhogo.

Nampa nyota nne. Ile moja nimeibania kwa sababu kesho yake nilikuta kulanti inadondoka chini, klipu ya mpira mmoja haikukazwa. Nikampigia, akaja mwenyewe hadi Tabata na bodaboda akaikaza, hela ya kazi akakataa. Ya bodaboda nimelipa mimi, kwenda na kurudi.