Trauti wa Mlima Kenya na Aberdare: angalia kilicho nyuma yako kabla ya kulipa

Kila baada ya Pasaka nasikia kilio kilekile: mtu kalipia gari, kiingilio, leseni ya uvuvi na mwongozaji, kisha karudi Nairobi mikono mitupu. Wanamwambia hana bahati. Bahati haihusiki. Aliuziwa mto usiovulika, tena katikati ya masika, wakati maji yana tope na trauti, samaki wa maji baridi anayewinda kwa macho, haoni chambo. Nenda Januari na Februari, au Julai hadi Septemba.

Habari za baridi na barabara mbovu mtazipata kwingine. Mimi nataka uulize jambo moja: nikisimama ukingoni, nyuma yangu kuna nini? Anayevua kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyovikwa manyoya ifanane na mdudu, huurusha mshipi nyuma kwanza, unyooke, ndipo auvute mbele. Mito mingi ya msituni imezibwa na mianzi. Nzi ananasa tawini, unageuka kumnasua, ukingo unameguka chini ya buti, kokoto zinadondoka majini, na trauti aliyetulia nyuma ya jiwe ameshakimbia. Asubuhi nzima inaishia hapo.

Kwa hiyo nambari moja kwangu, wala sifichi, ni Ziwa Rutundu, kaskazini-mashariki mwa Mlima Kenya, kama mita 3,100 juu ya usawa wa bahari. Msitu umeuacha chini, pande zote ni nyasi na vichaka vifupi, unarusha utakavyo. Upepo wa mchana unasumbua, basi amka mapema. Mwenye miguu apande hadi Ziwa Alice.

Ya pili ni mito ya Chania na Magura ikiwa bado juu kabisa Aberdare, kabla ya maporomoko. Kuko wazi vilevile, ila usitembee bila askari wa wanyamapori, maana nyati wapo.

Mto Gura, huko huko Aberdare, nauweka wa tatu, na inaniuma. Mlowezi Mwingereza Ewart Grogan alipandikiza trauti humo mwaka 1905, na hadi leo wako wale wa kahawia, wajanja kweli. Lakini bonde ni refu na kingo zimefunga. Ukishikilia mto wa msituni, uwe huo au Thiba kule Kirinyaga, beba fimbo fupi ya kuvulia, ingia majini, urushe kufuata mkondo, ili mshipi upite juu ya maji badala ya miti.

Mabwawa ya kufugia, unapovua ukapimiwa kwa kilo, yanawafaa watoto.

Kinachonikera ni mawakala. Wanakuonyesha picha ya ziwa la juu, wanakupeleka kijito cha chini, na bei waliyokutajia haina kiingilio wala malipo ya kukodi fimbo. Hayo unayasikia getini, ukiwa huna pa kurudi. Dai kila tozo iandikwe, kwa kila mtu na kwa kila siku. Kisha omba picha ya ukingo, iliyopigwa na mtu aliyeupa mto mgongo. Wakikutumia picha ya samaki, usilipe.