Mgahawa wa futari, Mikindani, Mtwara

Mimi sisali wala sifungi, nasema mapema mjue anayeandika ni nani. Mgahawa huu mwezi wa Ramadhani haupiki mchana, na bango la mlangoni linataka wanawake wajifunike kichwa. Hilo silikubali kabisa. Dada yangu alizuiwa mlangoni mbele za watu, na mteja mwenye njaa hapaswi kukaguliwa nguo. Nilimwambia mwenye mgahawa. Akanijibu kwa adabu kwamba bango halitoki.

Lakini chakula, jamani! Mihogo ya nazi imelainika hasa, uji una pilipili manga ya kutosha, changu wa kukaanga bado ana ladha ya bahari. Ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, nayo ipo, ikiwa ni msimu wake. Adhana ya magharibi ikilia, masinia yanawekwa mkekani na hakuna anayekuuliza kama umefunga. Kibarua wa korosho, bodaboda, mpita njia, wote wanakula, na asiye na hela halipi. Mzee nisiyemjua alinisogezea tende: "Kula, mwanangu." Ukarimu huo sijauona kwetu sisi tusioamini, na unaniuma.

Maji ya kunawa utasubiri. Wahini, mikeka hujaa mapema.