Adapta ya NACS kwa gari isiyo Tesla: kazi inafanya, spidi ndo utata

Hii adapta ya kuchajia gari ya CCS (tundu la chaji ya haraka la gari nyingi zisizo Tesla) kwenye Supercharger, yaani chaja za haraka za Tesla, naipa nyota nne, na hiyo moja niliyobana wala si kosa la adapta. Kwa walioko Marekani na Kanada wenye gari ambazo bado zina tundu la CCS, hiki kidude ndo mlango wenyewe, maana tangu Ford watangaze 2023 kwamba wanahamia NACS, yaani plagi ya Tesla, GM nao wakafuata, kampuni karibu zote zikaingia foleni.

Kuitumia hakuna ujuzi. Unaibana kwenye kichwa cha waya wa chaja mpaka ikae sawasawa, ndo unachomeka kwenye gari, halafu kwenye apu ya Tesla unachagua namba ya chaja uliyopo, basi. Hailegei hata kidogo.

Sasa spidi. Gari yangu ni ya volti 800, na Supercharger za V3 (kizazi cha tatu) zinaishia kama volti 500 hivi, kwa hiyo gari inabidi ipandishe volti yenyewe na hapo ndo mwendo unapungua. Chukua Ioniq 5 ya Hyundai, nayo ya volti 800, kwenye chaja ya kilowati 350 inatoka asilimia 10 mpaka 80 kwa kama dakika 20, ila kwenye Supercharger andaa nusu saa. Zile nguzo za V4 zisikudanganye, waya ni mrefu kweli lakini nyingi bado zinalishwa na makabati ya umeme ya V3. Kama gari yako ni ya volti 400, Mustang Mach-E kwa mfano, haya hayakuhusu kabisa, we nunua tu.

Waya wa V3 mfupi jamani! Ulipimwa kwa Tesla, ambazo tundu liko nyuma kushoto, kwa hiyo wenye tundu upande mwingine tunaziba nafasi mbili huku watu wanatukodolea macho. V2 ndo usihangaike nazo, hazikubali gari nyingine.

Kingine, angalia unachouziwa, maana NACS ina mdomo mmoja kwa chaji ya polepole na ya haraka, wauzaji wanaita zote "adapta ya NACS". Ile ya bei chee mara nyingi ni ya J1772, yaani ya chaji ya polepole ya AC tu, Supercharger haikusaidii. Unayoitaka ina pini mbili nene chini, na tafuta iliyopimwa kwa UL 2252, kiwango cha usalama cha adapta za gari za umeme, hapo usibane matumizi, umeme wa huko si wa kuchajia simu.

Wenye Nissan Leaf za CHAdeMO (tundu jingine la chaji ya haraka, la Kijapani), hii si yenu, haiingii.